Orkide Katika Udongo wa Kibumba

Mjinga siku ile nilikuwa mimi, na sitaki mtu anitafutie wakili. Kuna watu ambao mapenzi huwala akili polepole, kama mvua inavyokula ukuta wa udongo. Mimi yalinimaliza asubuhi moja ya Jumatatu, nikiwa na mwiko wa fundi mkononi na wimbo mdomoni.

Naitwa Constant Murhula. Kazi yangu ni kujenga kwa mawe ya volkeno, haya meusi ambayo mlima umetumwagia bila kuulizwa na ambayo Goma nzima imekaa juu yake. Nimeanguka kwenye jukwaa la ujenzi nikavunjika mkono. Nimekimbia lava na godoro kichwani. Nimeachwa na msichana aliyesema kichwa changu kinafaa kupondea karanga. Kila mara nilijipangusa, nikatafuta kitu cha kuchekea, nikaendelea. Kwa hiyo nikisema niliogopa, mniamini. Sikuwa nimezoea.

Mama Thérèse ndiye aliyeniita nimjengee ukuta wa parsele yake, kiwanja chenye nyumba yake, mtaa wa Himbi. Ni mjane wa mfanyabiashara wa Butembo, mama wa misa ya asubuhi, mwenye kusema kidogo na kuona sana. Ukuta wenyewe ulichukua muda kuliko kuta zote nilizowahi kujenga, kwa sababu binti yake Marcelline alikuwa akiniletea maji ya kunywa, na kila akileta maji nilikuwa nagundua jiwe ambalo halikukaa vizuri. Ukuta ulipofika kifuani, mimi na Marcelline tulikuwa tumekwisha elewana. Ulipofika kichwani, kaka zangu wa Bukavu walikuwa wanauliza waje lini kujitambulisha. Aliyekuwa bado hajasema neno ni Mama Thérèse.

Alilisema langoni, siku alipokuwa anasafiri kwenda kwenye kilio cha dada yake huko Butembo. Alisema atarudi na Papa Kasereka, mdogo wa marehemu mume wake, maana watoto wa marehemu hawaolewi bila neno lake. Akirudi, kama bado ataniona mimi ni mtu, atamwambia Papa Kasereka awapokee watu wangu. Kama hapana, nimalize ukuta niende kwa amani. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea dirisha la chumba chake cha kulala. Pale, ndani ya kikopo cha plastiki, kulikuwa na orkide changa, mtoto wa ile ambayo mume wake alimletea zamani kutoka safari zake za Bunagana.

“Ile kitu hakuna mwenye anaigusa,” aliniambia. “Marcelline ataipatia maji kidogo, basi. Weye Constant, mikono yako inatanguliaka akili. Ikisha kufika, njo inatuma mutu aende kuita akili.”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sasa Jumatatu hiyo Marcelline alikuwa kazini kwenye duka la dawa, nami niko juu ya ukuta napanga safu ya mwisho. Nikatupa jicho dirishani. Mizizi ya ile orkide ilikuwa imevuka ukingo wa kikopo, inaning’inia nje, myeupe, minono, kama vidole vya mtu anayepapasa mlango gizani. Roho iliniuma. Niliona kiumbe anayelia njaa na nyumba nzima imemzibia masikio.

Sisi watu wa Goma tuna ugonjwa wetu. Kwa kuwa tunakaa juu ya mwamba, udongo kwetu ni kitu cha kununua, kama sukari. Mtu akikupenda sana anakuletea mfuko wa udongo wa Kibumba, ule mweusi unaozaa kabichi ambazo mama hupakata kama mtoto mchanga. Hakuna mtu wa hapa, hata umlipe, atakayeamini kwamba duniani upo mmea unaoukataa udongo wa Kibumba. Na mimi nilikuwa nao mfuko mzima, wa maua ya langoni. Nikatafuta chungu kikubwa cha kutosha kuogeshea mtoto. Nikaitoa orkide kwenye kikopo chake, nikaizika mpaka shingoni, nikashindilia udongo kwa ngumi kama nashindilia msingi wa nyumba, nikaimwagia nusu ndoo ya maji. Kisha nikarudi nyuma nikaitazama, kama Mungu siku ya sita, nikaona kuwa ni vyema sana.

Marcelline aliporudi jioni na kukikuta chungu verandani alishika mdomo. Lakini majani yalikuwa bado yanang’aa, nami nilikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi, na macho yake yakashindwa kukasirika. Alinifuta kwa pindo la kitenge chake, polepole, jicho la kulia kisha la kushoto. Mama ataniua, alisema, lakini alisema akiwa karibu sana, na mimi nilichosikia ni ule ukaribu tu. Kwa ajili ya kitenge kile niliendelea kuimwagia ile orkide maji kila siku.

Jumamosi, siku ambayo mama alikuwa njiani kurudi, Marcelline alinipigia simu akasema neno moja: njoo.

Nilimkuta amechuchumaa mbele ya chungu. Jani la chini lilikuwa limegeuka manjano kama ndizi iliyopitiliza. Mengine yalikuwa yamelegea, yamejikunja kama ngozi ya mzee. Nilipogusa shina, lilicheza ndani ya udongo kama jino la mtoto linalotaka kung’oka. Harufu ya mtaro ikapanda.

“Usicheke,” alisema bila kugeuka.

Sikuwa nacheka. Meno yalikuwa nje kwa mazoea.

Aliniambia amempigia simu Micheline, rafiki yake anayepamba kumbi za harusi kwa maua. Micheline alimuuliza mle kikoponi mlikuwa na nini. Alijibu ni vipande vya maganda ya mti na makala, ule mkaa wa kupikia. Micheline akauliza tena, taratibu kama muuguzi mwenye habari mbaya: na sasa iko ndani ya nini? Aliposikia Kibumba, alimwita Yesu na mama yake. Ndipo akamweleza. Orkide hii porini haikai chini, inakaa juu ya matawi. Mizizi yake inakunywa upepo na matone. Ukiifukia kwenye udongo ulioshindiliwa ni kama kumkandamizia mtu mto usoni. Kuihamisha kulistahili, kwa sababu mizizi ikishatoka nje kikopo kimekuwa kidogo, lakini mtu anangoja mzizi mpya uonyeshe ncha ya kijani, na anachukua chungu kinachozidi cha zamani kidogo tu. Anajaza makala na mawe ili upepo upite. Halafu haimwagii maji kwa siku kadhaa, mpaka vidonda vya mizizi vikauke.

“Mawe gani?” niliuliza.

“Ya volkeno. Ya kuvunja kidogo kidogo. Yenye matundu.”

Nilitazama ukuta wangu. Nilitazama chini, ambako vipande nilivyovichonga vilikuwa vimejaa mpaka kwenye vidole vya miguu yangu. Mtu anayekula vumbi la mawe hayo kila siku alienda kutafuta udongo.

Simu ya Marcelline ikalia. Alikuwa mama yake. Alijibu kwa sauti ya mtoto wa shule: ndiyo mama, tuko muzuri mama, yote iko muzuri mama. Alipokata, alibaki ameishika simu kwa mikono miwili kama kitu cha moto ambacho hakuna pa kukiweka.

“Wamepita Rumangabo, wako karibu,” alisema. “Papa Kasereka iko naye.”

Hapo ndipo woga uliponiingia kweli. Nilimwona Mama Thérèse ndani ya taxi-bus, mkoba mapajani, anakuja na barabara yake, kilima kwa kilima, na hakuna jambo lolote duniani ambalo lingemsimamisha. Nikasema neno la kwanza lililopita mdomoni: tuirudishe kwenye kikopo chake, tuiweke dirishani, tuseme imeugua kwa kumkumbuka mwenyewe.

Marcelline alisimama.

“Utamudanganya mama yangu mbele ya kunioa. Ukisha kunioa, utadanganya nani?”

“Marce, nilikuwa nasema tu.”

“Weye unasemaka tu. Mungu atakuuliza siku ya mwisho, utamwambia ulikuwa unasema tu.”

Aligeuka kutazama dirisha la mama yake, labda ili asinitazame mimi. Nikaona mabega yake yakisimama. Dirisha lile lina fito za chuma za kuzuia wezi, zimebanana hivi kwamba mkono unapita lakini kikopo hakipiti. Alizitazama fito zile muda mrefu.

“Uliitoa namna gani?” aliuliza.

“Niliingia.”

“Mu chumba ya mama?”

“Nilivua viatu.”

Kwao na kwetu, hili halina mjadala: mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Nyumba ikiwaka moto anasimama nje, anaita watu wengine. Mwanamume aliyeona kitanda cha mama wa mke wake amemwona mama huyo pale ambapo hakupaswa kumwona, na wapo waliorudishiwa ng’ombe wao wa mahari kwa kosa dogo kuliko hilo. Nami sikuwa hata mkwe. Nilikuwa mtu wa ukuta. Siku ile nilipoingia nilikuwa nimeangalia mizizi tu, naapa, sikumbuki hata rangi ya shuka, lakini nani angeniuliza rangi ya shuka?

Marcelline aliketi kwenye ngazi. Alilia bila sauti, machozi yanateremka huku uso umetulia, na kilio cha namna hiyo ndicho kibaya. Nilikaa ngazi ya chini yake. Sikuthubutu kumgusa. Nilitazama visigino vyake, pindo la kitenge, mkono uliolala juu ya goti, na nikajikuta naviaga kimoja kimoja, kama mtu anayefunga nyumba asiyojua kama atairudia.

“Nikikukosa juu ya maua, Constant,” alisema, “nitachekaka na nani?”

Baadaye nilisema tusiiguse tena. Niliipa sababu nzuri: kiumbe huyu ametikiswa mara moja, tukimtikisa tena anakufa. Mama aikute kama ilivyo, tukiri, yaishe. Ukweli ni kwamba mikono yangu iliyozoea kutangulia ilikuwa imekataa kutembea. Niliiangalia na kuona imelala mapajani kama ya mtu mwingine.

Marcelline alijifuta uso. Alisema maneno taratibu, kama anayajaribu kwanza yeye mwenyewe. Tukiitoa, inaweza kutufia mikononi, na mama atatukuta tumeishika. Tukiiacha, itakufa vilevile, na sisi tumekaa tunaiangalia. Micheline alikuwa amemwambia wakati mzuri wa kuihamisha ulishapita, uliobaki ni wakati mbaya huu na wakati mbaya zaidi wa kesho.

“Leta beseni,” alisema. “Tufanyie hapa hapa verandani. Sitaki atukute nyuma ya nyumba kama wezi.”

Tulikipindua chungu. Udongo wa Kibumba ulitoka mzima mzima, umeshikana kama keki, na katikati yake kile kimmea kidogo kikiwa kimelala upande. Tukakiweka kwenye maji ya uvuguvugu ili udongo uachie wenyewe bila kuvutwa. Marcelline alisafisha mzizi kwa mzizi kwa ncha za vidole, nami nilishikilia majani, sipumui. Kila mzizi alioupitishia vidole uliachia ngozi yake, ukabaki uzi mwembamba kama wa kushonea. Wa kwanza ulikuwa umeoza. Wa pili umeoza. Alipofika wa tatu nilifumba macho.

Simu ikalia tena. Mikono yake ilikuwa majini, kwa hiyo nilimshikia simu sikioni, na nilisikia sauti ya Mama Thérèse wazi kama amesimama kati yetu. Walikuwa Kibumba. Papa Kasereka alikuwa amesimamisha taxi-bus ili anunue kabichi za kuleta nyumbani. Je, chai ipo? Marcelline alisema ipo. Nyumbani hakukuwa hata na maji yaliyochemka.

“Mungu abariki kabichi,” nilisema simu ilipokatika, na kwa mara ya kwanza siku ile mdomo wake ulitikisika pembeni.

Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, “Gusa hapa.”

Nilishusha mkono ndani ya beseni. Chini ya kidole changu kulikuwa na mzizi mgumu, mzima bado. Mwingine, karibu na shina, ulikuwa mfupi tu, lakini mwishoni kabisa ulikuwa na ncha ya kijani, ndogo kama kichwa cha kiberiti. Tulitazamana. Kidole chake kidogo kikashika changu chini ya maji, pale ambapo ni Mungu peke yake anaona, kikabana, kikaachia. Moyo wangu ulipiga kwa furaha na kwa woga pamoja, maana kabla ya hapo tulikuwa tunalinda maiti, na sasa tulikuwa na kitu cha kupoteza.

Alipitisha wembe juu ya makala ya moto, akauacha upoe, akakata mizizi yote iliyooza mpaka kwenye nyama nzima, akapaka vidonda unga wa makala. Mimi nilipewa nyundo. Nilivunja mawe mpaka yakawa kama punje za mahindi, nikayaosha yakaacha kutoa vumbi, nikatoboa matundu kwenye kichungu kidogo cha jikoni. Tuliiweka katikati, Marcelline akiishika, mimi nikimimina mawe na makala kidogo kidogo kuizunguka, shingo ikibaki nje. Iliposimama, mkono wangu uliinuka wenyewe kutaka kushindilia. Marcelline aliupiga kofi.

Tulikuwa tunaifunga kwenye kijiti, kwa uzi alioutoa kwenye kitenge chake, taxi-bus ilipopiga honi langoni.

Hatukukimbia. Mama Thérèse aliingia na kabichi kifuani, nyuma yake Papa Kasereka, mzee mrefu mwenye koti la safari na kofia, na wote wawili wakasimama. Mbele yao kulikuwa na udongo veranda nzima, beseni la maji meusi, wembe, nyundo, majani ya manjano, binti yao mwenye matope mpaka kwenye viwiko, na mimi nimepiga magoti kama mtu anayeungama.

Mama Thérèse alitazama dirisha lake tupu. Kisha akatazama kichungu.

Papa Kasereka ndiye aliyeuliza, na aliuliza jambo lenyewe bila kuzunguka. “Nani aliingia mu chumba ya bibi ya kaka yangu?”

Nilimwona Marcelline akivuta pumzi. Nilijua anachotaka kusema, atasema ni yeye aliyeitoa, na uongo huo alionikataza mimi alikuwa tayari kuubeba mwenyewe kwa ajili yangu. Nilimpenda kuliko siku zote, na kwa sababu hiyo nikawahi.

“Ni miye, papa,” nilisema. “Niliingia miye, niliharibu miye. Marcelline alikuwa ku kazi.”

Mama Thérèse alizitua kabichi ukingoni mwa veranda, akainama, akasogeza jani moja kwa kidole, akaiangalia ile ncha ya kijani iliyochungulia juu ya mawe. Aliuliza tu kama tumekwisha kuimwagia maji. Marcelline alijibu hapana, vidonda vikauke kwanza. Mama akatikisa kichwa kukubali, akabaki ameinama, na mgongo wake haukuniambia lolote.

Papa Kasereka alikuwa ameanza, na alipoanza hakuwa na haraka. Alisema amesafiri kutoka Butembo kuja kumwona kijana, na sasa amekwisha kumwona. Alisema wapo wakwe wenye watoto wakubwa ambao mpaka leo wanapita mbali na mlango ule macho chini, na huyu, ambaye hajaleta hata mbuzi, amekwenda moja kwa moja mpaka dirishani. Akaambiwa asiguse, akagusa. Wamezoea hivyo huko kwao? Alinitaka nipige simu Bukavu mbele yake, niwaambie watu wangu wasichoke kwa safari. Marcelline alisema, papa, tafadhali. Alimnyamazisha kwa kiganja. Nilitoa simu mfukoni, kwa sababu mzee akikuamuru unatoa, nikaanza kutafuta namba ya kaka zangu.

“Hii njo alama yenye kaka yangu alituachia,” alisema Papa Kasereka, akimgeukia shemeji yake. “Mama ya hii maua ilikaa hapa miaka yote, hakuna mutu aliigusa, mpaka ilikufa na heshima yake. Huyu, siku chache tu. Mutu mwenye anaua maua ya kaka yangu, tumupatie mutoto wa kaka yangu?”

Mama Thérèse aliinuka, mkono mmoja kiunoni, akamtazama usoni.

“Ile mama yake niliiua miye, Kasereka, juu ya kuogopa kuigusa. Na hamukunirudisha kwetu.”